YAH: KUFUNGA MUHULA, MASIMULIZI YA WAZEE NA MICHANGO YA CHAKULA

Wapendwa wazazi na walezi,

Salaam. Leo watoto wanarudi nyumbani na ripoti zao. Zisomeni, mzisaini, zirudi siku ya kufungua shule. Darasa la saba wanabaki kambini kama tulivyokubaliana kikaoni.

Naomba kwanza niwashukuru kwa kuwaleta wazee wetu Ijumaa ile waje kuwasimulia watoto maisha yao. Mliofika mliona wenyewe. Tulitandika mikeka chini ya mwembe, wazee wakakaa kwenye viti vya ofisini, darasa la tano na la sita mbele yao na madaftari. Tulipanga yachukue muda wa saa moja tu, tukamaliza adhuhuri, na hakuna mtoto aliyeuliza habari za uji.

Babu mmoja alifungua fundo la kitambaa akatoa kipande chake cha kazi, ile kadi ya kuwekea alama kila siku aliyofanya kazi. Karatasi imelegea kwenye mikunjo, lakini visanduku 30 bado vinaonekana, na 22 vina alama. Mtoto akamuuliza: "Babu, hivi vingine mbona vitupu?" Mzee akakitazama kidogo. "Nilishikwa na homa. Kipande kisipojaa, hakuna mshahara." Kisha akaeleza alivyotoka Kigoma na baba yake, wakachukuliwa na SILABU, ofisi iliyoandikisha vibarua wa mashamba ya mkonge, wakapewa namba, wakaletwa kukata mkonge. Ndipo watoto walipojua neno "manamba", wanalotukanana nalo uwanjani, limetoka wapi. Limetoka kwa babu zao.

Darasani tunawafundisha kwamba Mjerumani Hindorf aliagiza miche ya mkonge mwaka 1893, na kwamba 62 tu ndiyo iliyofika mizima. Idadi ya miche tunaijua. Watu waliokata majani yake, waliosimama kwenye korona, mashine ya kuchambua nyuzi za mkonge, mpaka mikono ikababuka, majina yao yako vichwani mwa wazee hawa tu. Kila nikienda kuzika hapa kijijini nalifikiria hilo.

Sasa nije kwenye jambo lililonikosesha usingizi.

Mwanafunzi mmoja aliingia na simu, kinyume cha sheria mnayoijua. Akamrekodi bibi mmoja aliyekuwa akisimulia kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kimakonde, akakata kipande anachokwama kutafuta neno, akakirusha. Hadi magharibi kilikuwa kwenye makundi ya wazazi, na chini yake vikatuni vya kucheka. Wazazi! Mtoto ana miaka kumi na mitatu. Ninyi mliosambaza mna miaka mingapi? Ningetegemea mmoja wenu aseme "futa hiyo, ni mama yetu." Hakuna aliyesema.

Asubuhi yake bibi alituma mjukuu arudishe kanga tuliyomtuza, imekunjwa vilevile. Nilikwenda kwake na mwenyekiti wa kamati kumwomba radhi. Alitupokea vizuri, akatupa viti, akatuombea. Ila simulizi hakutaka kuimalizia. Alikuwa amefikia pale mama yake alipombeba mgongoni kuvuka Mto Ruvuma, na daftari la mtoto aliyekuwa akiandika limeishia hapo. Simu iko ofisini kwangu. Mzazi wake aje yeye mwenyewe, asimtume shangazi wala kaka, twende naye kwa bibi pamoja na mtoto. Na mliosambaza, mnajijua. Njia ya kwenda kwake mnaifahamu.

Michango ya chakula: zaidi ya nusu yenu mnadaiwa mahindi na maharage tangu Januari. Tulikubaliana kwa kunyoosha mikono, na muhtasari ninao. Mtoto anakaa mpaka saa tisa bila kitu tumboni huku mzazi akipita getini kwa bodaboda kila siku. Mwenye shida ya kweli aje tuzungumze, sijawahi kumfukuza mtu. Asiye na shida alete deni lote siku ya kufungua.

Kazi ya likizo ni moja tu. Kila mtoto akae na mzee wa ukoo, aandike majina hadi kwa babu wa babu, walikotoka na lugha waliyozungumza. Mzee asipojua mwaka, msimbane; muulizeni ilikuwa kabla ya Uhuru au baada, wakati wa Operesheni Vijiji, au Vita vya Kagera, mwaka utapatikana. Picha za zamani ziandikwe majina nyuma kwa penseli, taratibu, maana kalamu ya wino hupenya. Vipande, vyeti na barua msivitie gundi wala kuvilaminisha. Vipigwe picha, kisha virudi kwa mwenyewe vikiwa vikavu. Na mtoto aamkie kwanza, aulize, anyamaze. Mzee akichoka, arudi kesho.

Shule itafunguliwa Jumatatu, tarehe 8 Julai, saa 1:30 asubuhi. Sare kamili, ripoti na daftari la ukoo.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu