Vumbi ndilo habari yenyewe

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu mashimo meusi (yale magimba yenye mvutano mkali hata mwanga hautoki) yanayonenepa haraka katika galaksi za mbali nimeisoma mara mbili, na si kawaida yangu. Ila mwandishi ameliruka lililo kiini cha habari: vumbi. Amelitaja mara moja tu, kama uchafu unaoharibu mandhari.

Chukua galaksi W2246-0526. Mwanga wake umesafiri miaka bilioni 12.4 hadi kutufikia, na inang'aa kushinda majua trilioni 300. Lakini sehemu kubwa kabisa ya mng'ao huo haionekani kwa macho. Inakuwaje? Gesi inayozunguka shimo jeusi hupata joto kali kabla ya kumezwa, ikatoa miale ya urujuanimno, yenye nguvu kuliko mwanga tunaouona. Miale hiyo haifiki mbali: chembe za vumbi, ndogo kama za moshi, huinywa, zikapata joto, kisha zikalitoa joto hilo kwa miale ya infraredi, ambayo macho yetu hayaioni. Ndiyo maana galaksi za aina hii zilianza kujulikana baada ya NASA kurusha darubini ya WISE, Desemba 2009, ikapekua anga yote kwa infraredi. Vumbi lile lile lililolificha shimo ndilo lililolichongea.

La pili ni hii kauli kwamba shimo jeusi "halishibi". Shimo lina namna ya kujizuia, bwana. Mwanga wa gesi inayoingia husukuma nje, na ukizidi huifukuza gesi iliyobaki. Mpaka huo huitwa kikomo cha Eddington. Shimo likila hadi kwenye kikomo bila kupumzika, uzito wake huongezeka maradufu takriban kila miaka milioni 35. Sasa piga hesabu: lianze na uzito wa majua 100, litahitaji kujirudufu mara 23 na ushei kufikia bilioni moja. Hiyo ni kama miaka milioni 800. Lakini kwasari J0313-1806 (kwasari ni kiini cha galaksi kinachong'aa mno kwa sababu shimo jeusi lake linakula) tayari ilikuwa na shimo la majua bilioni 1.6 wakati ulimwengu wenyewe una miaka milioni 670 tu!

Ama mashimo hayo yalizaliwa makubwa, ama yalivuka kikomo. Mimi naegemea la pili, ingawa yote mawili yanaweza kuwa kweli. Vipimo vya W2246-0526 vinaonyesha shimo lake likila kupita kikomo, na mwaka 2018 wataalamu waliotumia darubini za ALMA, huko Chile, walieleza jinsi galaksi hiyo inavyozinyang'anya gesi na vumbi galaksi tatu ndogo za jirani. Chakula kipo, tena kingi. Hili ndilo lingestahili nusu ukurasa.

Halafu ile picha mliyoiweka juu ni mchoro wa msanii. Andikeni hivyo chini yake. Watu watatu wameshanitumia picha hiyo wakiamini ilipigwa kwa kamera.

Msomaji wenu wa siku nyingi