Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kumbukumbu za Ndani ya Kanisa Kuu la Mkunazini

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kutunza kumbukumbu za kanisa kuu,

Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa wanachama wenzetu Waislamu, hasa vijana wanaoongoza wageni Mji Mkongwe, ambao mwaka huu wamejitokeza kuliko baadhi yetu tunaokalia viti vya mbele, asalaam aleikum.

Taarifa hii ilikuwa isomwe kwenye mkutano mkuu. Mkutano haukufanyika kwa sababu akidi haikutimia. Ndiyo maana naileta kwa maandishi, asije mtu akasema hakuambiwa.

Shughuli za kawaida mnazijua, sina haja ya kuzirefusha. Usafi wa Jumamosi ya kwanza ya mwezi uliendelea, isipokuwa wakati wa masika. Tulikwenda Mbweni, tukafyeka makaburini, tukaingia kanisa la Mtakatifu Yohana, tukala pilau, tukarudi salama. Safari ya kisiwani Chapwani kwenye makaburi ya mabaharia iliahirishwa kwanza kwa sababu ya upepo, halafu kwa sababu ya mfuko. Wazee wawili wamelazwa na wamepona. Katibu amepata mjukuu. Tunampongeza.

Sasa nije kwenye lile lililosemwa sana barazani, Darajani na kwenye kundi letu la WhatsApp, wakati mwingine kwa maneno ambayo sitayarudia katika taarifa rasmi: uamuzi wa kusimamisha kung'arisha vibao vya shaba vya kumbukumbu ya marehemu vilivyomo kanisani.

Kwa miaka mingi, wiki ya mwisho ya Kwaresima, akina mama walikuwa wakija na ukwaju, ndimu, majivu na makumbi, na siku hizi na dawa ya kopo kutoka dukani, wakasugua mpaka kibao kikatoa uso wa mtu. Ilikuwa kazi ya mapenzi na hakuna anayeidharau. Mama yangu mzazi aliifanya. Lakini nawaomba mwakani mje na tochi. Iwekeni ubavuni mwa kibao, mwanga upite juu ya herufi badala ya kuzipiga usoni, mtaona wenyewe. Yako maandishi ambayo bila tochi hiyo hayasomeki tena. Herufi za shaba huchongwa kwa patasi nyembamba, na mara nyingi ule mfereji hujazwa nta au rangi nyeusi ili jina lionekane. Asidi ya ndimu na ukwaju hula madini yenyewe. Majivu na dawa ya kopo ni msasa laini. Kila unaposugua unaondoa utando mwembamba wa shaba, na utando ukiondoka kila Pasaka kwa miaka mia, mfereji unakuwa kina cha ukucha, halafu kina cha karatasi, halafu hakuna jina. Ile nyeusi ndani ya herufi ndiyo hutangulia kutoka, mahali pake pakabaki uji mweupe wa dawa uliokauka.

Na maji ya ndimu hayaishii kwenye shaba. Yanachuruzika. Chini ya kibao kuna marumaru au lipu ya chokaa, na nyuma ya lipu kuna mawe ya matumbawe. Vyote hivyo asili yake ni chokaa, na chokaa na ndimu havikai pamoja. Asiyeniamini adondoshe tone moja kwenye sakafu ya marumaru ya nyumbani kwake, si ya kanisa, alifute baada ya saa moja, kisha aje tuzungumze.

Hivyo kamati iliamua: vumbi lifutwe kwa brashi laini na kitambaa cha pamba kikavu, basi. Hakuna ndimu, ukwaju, dawa ya kopo wala ile dawa ya kufulia nguo nyeupe ambayo mtu mmoja (simtaji) aliimwaga kwenye jiwe la kaburi akiona ukungu. Ile rangi ya kahawia inayotanda juu ya shaba ni utando unaoikinga isiliwe zaidi. Mwanachama mmoja ameandika kwamba nimeacha vibao viwe vyeusi kama masufuria ya shughuli. Namjibu kwamba sufuria halikuandikwa jina la marehemu.

Kuna waliouliza kwa nini uamuzi ulifanywa na kamati bila mkutano. Jibu liko kwenye katiba yetu, kifungu cha mambo ya dharura, na kila mwanachama alipewa nakala. Kwaresima ilikuwa imeshaanza. Vikao viwili viliitishwa, viwili havikufika akidi. Nimeangalia daftari la mahudhurio: kati ya wale waliolalamika kwa sauti kubwa, hakuna hata mmoja aliyesaini vikao hivyo. Mimi nilikuwepo, katibu alikuwepo, mweka hazina alikuwepo pamoja na maumivu yake ya mgongo. Tungefanyaje? Tungengoja mpaka ndimu zikamuliwe?

Jambo hilihili limenigombanisha na fundi aliyejitolea kubana kwa saruji jiwe moja lililolegea, bure kabisa, na watu wakasema nimekataa sadaka. Nilikataa saruji. Ukuta wa matumbawe na chokaa huvuta unyevu kutoka ardhini pamoja na chumvi, kisha huupumua nje. Ukiupiga saruji unaziba pua yake. Chumvi haipati njia, inakusanyika nyuma ya jiwe, inalisukuma na kulimenya. Na pini za chuma zinazolishikilia jiwe zikishika kutu hunenepa na kulipasua jiwe kutokea ndani. Pamoja na hayo, tuko Mji Mkongwe, ulioingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Hata msumari una taratibu zake. Si mali yangu wala ya fundi. Jiwe limeegemezwa vizuri, linangoja chokaa na mtu anayeijua.

Fedha iliyokuwa itumike kwa vifaa vya kung'arishia, na nyongeza ambayo nitaieleza, imetumika kutengeneza daftari la kumbukumbu. Kila kibao, kila jiwe na kila dirisha lenye maandishi limepigwa picha, limepimwa, na maneno yake yamenakiliwa herufi kwa herufi, makosa ya mchongaji yakiwemo. Kazi hii wazo lake lilikuwa langu, nalisema bila majivuno kwa sababu limeshaanza kusemwa kuwa la mwingine. Tafsiri za Kiswahili nilizifanya mwenyewe usiku, na karatasi zilizowekewa plastiki mnazoziona mezani mlangoni ndizo hizo. Sasa mtoto wa shule anaweza kusoma ukuta wa kanisa lake kwa lugha anayoizungumza.

Kwa nini nashikilia herufi? Kwa sababu ndani ya jengo lile maneno ndiyo yanayoshika kila kitu. Mgeni akiingia anaona kanisa la mawe. Hajui kwamba hapa palikuwa soko la watumwa, kwamba Sultani Barghash alisaini mkataba wa kulifunga Juni 1873, na jiwe la msingi likawekwa siku ya Krismasi mwaka huohuo. Hajui kwamba ule mduara wa marumaru mbele ya altare unaonyesha mahali ambapo, kwa masimulizi tuliyopokea, watu walifungwa na kuchapwa kabla ya kuuzwa. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi na kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili, alifariki 1882 na amelazwa nyuma ya altare. Vioo vya rangi vinawakumbuka mabaharia Waingereza waliofia kwenye doria za kuwasaka wafanyabiashara ya watumwa. Msalaba ule wa mti unatokana na mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti, kule kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Futa maandishi, na vyote hivi vinabaki masimulizi ya muongoza wageni, tena kila mmoja na ya kwake.

Hata zile nguzo zilizosimikwa kichwa chini miguu juu Askofu akiwa safarini, naye akarudi akaziacha vilevile, ziko pale hadi leo na wageni huzipenda. Hakuna aliyemwitia kikao.

Kuna pendekezo la pili nililoletewa kwa barua yenye sahihi nyingi: kibao kipya, kwa Kiswahili, cha James Chuma na Abdallah Susi. Nimeambiwa nalipinga. Silipingi. Hao ndio waliobeba mwili wa Livingstone pamoja na wenzao, kutoka bara hadi Bagamoyo, wakafika mwanzoni mwa 1874, na wote wawili walimalizia maisha yao hapa Unguja. Chuma alifariki 1882, mwaka uleule wa Askofu Steere. Susi, aliyekuja kubatizwa kwa jina la David, alifariki 1891. Ukiuliza haki yao, ni kubwa kuliko ya wengi. Ila nauliza yaliyo mezani. Ukuta upi? Kibali kitaombwa na nani? Tukiwaandika hao wawili, Jacob Wainwright aliyechonga maandishi kwenye ule mti tumwache? Na John Swedi, shemasi Mwafrika wa kwanza wa misheni iliyolijenga kanisa hili, mwaka 1879? Na Cecil Majaliwa, aliyetoka utumwani akawa padri 1890? Na wale wasio na jina hata moja, waliouzwa pale pale, ambao sanamu za nje ya kanisa zikiwa na minyororo shingoni zinawasimamia? Orodha ikianza haina mwisho, na kila ukoo utaleta babu yake. Ndiyo maana nilisema tukamilishe daftari kwanza, tujue nani yupo, ndipo tujue nani hayupo. Barua ile imetiwa sahihi na watu thelathini na mmoja. Kati yao waliolipa ada ni wanane.

Hapo ndipo penye uchungu wangu, nanyi mniwie radhi nikisema wazi.

Tuko wanachama 71 kwenye daftari. Ada ni shilingi 12,000 kwa mwaka, yaani elfu moja kwa mwezi, fedha ambayo mtu anaimaliza kwa vocha kabla ya adhuhuri. Waliolipa ni 19. Akidi ni 24, na kikao kilichojaa kuliko vyote mwaka huu kilikuwa na watu 14, watatu wakiwa wamekuja kungoja mvua ipite. Mapato: ada 228,000, malimbikizo ya nyuma 60,000, harambee 940,000, mgeni mmoja aliyependa karatasi zetu za Kiswahili 300,000, jumla 1,528,000. Matumizi: daftari la kumbukumbu, yaani picha, uchapaji, plastiki, diski mbili, nauli na chai, 1,180,000, usafi 145,000, Mbweni 170,000, jumla 1,495,000. Zimebaki 33,000. Risiti ziko kwa mweka hazina na anapatikana baada ya ibada ya kwanza. Waliosambaza kwamba chai ilikula nusu ya fedha wakazione: chai ni 96,000 kwa kazi yote, na vitumbua nilileta mimi. Nauli zangu za kwenda na kurudi ofisini kufuatilia sijazidai wala sitazidai.

Nimepokea visingizio vya kila aina. Mwingine anasema hajui alipe wapi, na namba imebandikwa kwenye kundi tangu Januari. Mwingine anasema hawezi kulipia vibao vya Wazungu. Huyu nilimwalika aje asome daftari akae nami saa moja, hakuja. Mwingine amesema atalipa shaba ikirudi kung'aa. Huyo namwachia Mungu.

Nawashukuru uongozi wa kanisa kwa kutufungulia milango na kwa uvumilivu, na vijana wanne walioshika ngazi, tochi na kamera mpaka jasho likawatoka. Mmoja wao ndiye aliyegundua mstari mzima wa maandishi uliokuwa umefichwa na vumbi na dawa iliyokauka. Huyo hakuwahi kukosa kikao.

Kuhusu mwaka ujao, tunatarajia, Mungu akijalia, kumpata mtaalamu wa kuhifadhi madini atuambie kama vibao vipakwe nta ya kinga, na ya aina gani. Tunatarajia pia kulichapa daftari liwe kijitabu, kama mfadhili atapatikana. Jiwe lililolegea litashughulikiwa. Chapwani tutakwenda bahari ikitulia. Suala la kibao cha Chuma na Susi litaletwa kwenye mkutano mkuu wenye akidi, si kwenye simu.

Mwisho, uchaguzi. Kipindi changu kinaisha, na nimesikia kwamba wapo wanaotaka nafasi hii. Karibuni sana. Fomu zinatolewa na katibu bila malipo hadi Jumapili ya tatu ya Majilio. Mgombea na wale wanaompendekeza wote wawe wamelipa ada ya mwaka huu na ya mwaka jana. Kwa hesabu ya leo, wenye sifa hiyo ni watu kumi na moja, nami ni mmoja wao.

Wenu katika utumishi,

Mwenyekiti