Barua kwa rafiki anayebadili jina la biashara yake ya mitindo ya kufuma

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata pamoja na zile nembo tatu, na umeniuliza ipi inafaa. Nitakujibu, lakini mwishoni, kwa sababu nembo ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Jina la zamani limeingia ndani ya biashara yako mahali pengi: kila ukurasa wa maelekezo ya kufuma uliyouza, kompyuta za watu waliokwisha kulipa, taarifa za benki zao, maelezo ya picha za sweta walizofuma. Kazi yako kubwa ni kuhakikisha kwamba mtu aliyenunua maelekezo yako miaka sita iliyopita, akikwama leo kwenye mkono wa sweta, bado anakupata.

Kuunga uzi mpya unakujua vizuri. Unaacha mkia wa sentimita 15 hivi wa uzi wa zamani, unafuma mishono kadhaa kwa uzi mpya, kisha ndipo unaficha mikia. Hapa nako usikate kwanza.

Nianze na jina lenyewe. Ulilolichagua ni tamu masikioni, ila lina ng' ndani yake. Domeni, yaani anwani ya tovuti, haikubali ritifaa, na majina ya watumiaji kwenye mitandao ya kijamii hayaikubali pia. Itabidi uiondoe, na neno litatamkwa vingine kabisa na kila atakayelisoma. Neno "sufu" lililomo nalo litakubana. Siku utakapotoa blauzi ya pamba au shali ya kitani, jina litasema kitu na uzi utasema kingine. Ofisi za alama za biashara hukataa jina linaloweza kumpotosha mnunuzi kuhusu kilichotumika kutengenezea bidhaa, kwa hiyo hili si suala la ladha tu.

Kabla hujalipenda sana jina, litafute. Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, WIPO, lina hifadhidata ya chapa ambayo mtu yeyote huitumia bure. Andika jina kwa tahajia yake, kisha kwa tahajia zote zinazosikika sawa. Uainishaji wa Nice, unaogawa bidhaa na huduma katika kusajili alama za biashara, una madaraja 45, na yanayokuhusu ni machache: daraja la 16 kwa maelekezo yaliyochapwa, la 9 kwa mafaili ya kupakua, la 23 kwa uzi, la 26 kwa sindano za kufumia, la 25 kwa nguo zilizokwisha kufumwa, la 41 kwa mafunzo. Ukiuza mafaili na kufundisha tu, la 9 na la 41 ndiyo ya kulipia kwanza. Ukishawasilisha ombi la kwanza katika nchi moja, Mkataba wa Paris unakupa miezi 6 ya kuomba nchi nyingine wanachama bila kupoteza ile tarehe ya mwanzo.

Litafute pia Ravelry, tovuti ya wafumaji, upande wa wabunifu, upande wa nyuzi na upande wa mitindo. Mtia rangi wa uzi mwenye jina linalofanana na lako anaweza asikushtaki kamwe, lakini wateja wake watakuandikia wewe kuhusu rangi iliyochuja, na wako watamwandikia yeye kuhusu mishono isiyotimia. Ukiona hivyo, tafuta jina jingine. Na domeni pamoja na majina ya watumiaji yachukue kabla hujamwambia mtu, hata wale wanaokujaribia maelekezo.

Sasa nije kwenye mafaili yenyewe. Hapa ndipo watu huharibu.

Fungua faili moja la maelekezo na uandike kila mahali jina la zamani lilipo. Utalikuta kwenye jalada, kichwa na kitako cha kila ukurasa, mstari wa hakimiliki, anwani ya msaada, viungo vya video, jina la faili, na sehemu ambayo wengi huisahau: sifa za hati, zile za mwandishi na kichwa cha habari zinazofichwa ndani ya PDF. Programu nyingi za kusomea huonyesha kichwa hicho juu ya dirisha badala ya jina la faili, kwa hiyo mteja ataona jina la zamani hata baada ya kazi yako yote.

Kubadili sura na kusahihisha hesabu usifanye kwa pamoja. Nakuomba sana uishike hii. Kama kuna makosa unayoyajua, yasahihishe kwanza katika faili la zamani, ulitoe, uliache likae. Toleo la 2.0 libadilishe jina na mwonekano tu, namba hata moja isiguswe. Ukichanganya, mtu aliye katikati ya kufuma atalinganisha mafaili mawili, aone namba tofauti, asijue kama ni sahihisho au ajali ya mpangilio. Wewe pia hutajua.

Na ajali za mpangilio ni nyingi. Fonti mpya ina upana tofauti, kwa hiyo mstari kama 80 (88, 96, 104, 112, 120, 128) unaokaa vizuri leo utakatika katikati, na mfumaji wa saizi ya tano atahesabu kuanzia mwanzo wa mstari wa pili na kufuma saizi isiyo yake. Tumia nafasi isiyokatika, ile isiyoruhusu mstari kugawanyika hapo, kati ya namba za saizi, au upunguze fonti kidogo mpaka orodha nzima ikae mstari mmoja. Chagua fonti yenye tarakimu za upana sawa, inayotofautisha wazi 1 na l, na 0 na O. Jaribu ½ na ¼ pia: fonti nyingi za mapambo hazina alama hizo, na sm 3½ hugeuka sm 3 ikifuatiwa na kisanduku kitupu. Kinyota kinachoanzisha marudio ni hatari nyingine, kwani programu za kupanga maandishi zikikikuta mwanzoni mwa mstari hukigeuza kuwa alama ya orodha. Kinyota cha mwanzo kikipotea na cha mwisho kikabaki, mfumaji hajui arudie kuanzia wapi.

Dawa yake ni rahisi ingawa inachosha. Nakili maandishi yote ya faili la zamani kwenye hati tupu isiyo na mapambo, na ya faili jipya kwenye hati nyingine, kisha uyalinganishe kwa programu inayoonyesha tofauti mstari kwa mstari. Tofauti zitakazobaki ziwe jina, anwani na namba ya toleo. Nyingine yoyote ni kosa. Kuyasoma tu kwa macho hakutoshi, maana wewe ndiye uliyeyaandika, na jicho lako litasoma unachokijua.

Chati nazo. Kama mishono yako ni 20 kwa mistari 28 katika sentimita 10, mshono mmoja una upana wa milimita 5 na urefu wa takriban milimita 3.6. Kisanduku cha chati kinapaswa kufuata uwiano huo, yaani upana mara 1.4 ya urefu, hasa katika kazi za rangi. Ukiivuta picha ya chati ijaze ukurasa mpya kwa kukokota pembeni, uwiano unaharibika, na ndege anayeonekana mnene kwenye karatasi atatoka mwembamba kifuani. Ipanue kwa kona tu. Kama alama za chati zako zinatokana na fonti, hakikisha imepachikwa ndani ya PDF. Isipopachikwa, kwenye kompyuta ya mtu mwingine alama hugeuka herufi za kawaida.

Rangi za chapa mpya zisiingie ndani ya chati. Najua umezipenda, zile za udongo na jani kavu, lakini zikichapwa kwa wino mweusi tu zitakuwa kijivu kilekile. Chapa ukurasa mmoja kwa nyeusi na nyeupe kabla ya kuamua lolote. Kwa maandishi ya kawaida, miongozo ya WCAG, ile ya kufanya kurasa za wavuti zisomeke na kila mtu, inataka utofauti usiopungua 4.5 kwa 1 kati ya herufi na usuli, na zipo zana za bure za kuupima. Kahawia yako ya pili, kwa kuitazama tu, nina shaka nayo.

Karatasi pia. A4 ni milimita 210 kwa 297, na Letter inayotumika Marekani ni 216 kwa 279. Panga kila kitu ndani ya eneo la 180 kwa 249, nalo litakaa kwenye zote mbili likiwa na pambizo ya milimita 15 au zaidi kila upande. Vinginevyo mashine ya mteja itapunguza ukurasa ili utoshe, na rula au mraba wa kupimia uliochora utakuwa mdogo kuliko ulivyoandika.

Hakimiliki haiguswi na jina jipya, na chini ya Mkataba wa Berne hata kuisajili si sharti. Acha mwaka wa kwanza wa kuchapishwa ulivyo, uongeze tu mwaka wa toleo jipya. Mitindo uliyowapa majarida au kampuni za uzi ni jambo jingine. Soma mikataba kwanza, kwa sababu kurasa zile si zako kubadili. Waombe tu watumie jina jipya kuanzia sasa.

Anza na maelekezo ya bure. Hayo ndiyo yaliyosambaa mbali zaidi, na ndiyo mlango wanaoingilia wageni. Kisha yanayouzika zaidi, kisha mengine.

Kwenye Ravelry usifute ukurasa wa mtindo ili ufungue mpya. Miradi ya watu, picha zao, alama walizokupa na wote waliouweka kwenye vipendwa wamefungamanishwa na ukurasa ule; ukienda, wanapotea nao. Badilisha faili na jina la mbunifu, ukurasa ubaki. Pakia mafaili mapya yote bila kutuma taarifa, kisha tuma mara moja kazi ikiisha. Mteja mwenye mitindo yako 10 hapaswi kuamka na barua 10.

Domeni ya zamani usiiache ife, wala mwakani wala baada ya miaka kumi. Anwani yake imechapwa kwenye karatasi zilizo kwenye vikapu vya uzi vya watu, nawe huwezi kuzirudisha. Ikiisha muda, mwingine ataichukua na kuweka anachotaka. Lililo baya zaidi, ataweza kupokea barua pepe zote zinazotumwa kwenye anwani yako ya zamani, zikiwemo zile za kubadilishia nywila za akaunti zako. Kwa hiyo kabla ya yote, hamisha akaunti za benki, za malipo na za maduka ziende kwenye barua pepe mpya.

Kila ukurasa wa tovuti ya zamani uelekezwe kwa 301, yaani uhamisho wa kudumu, kwenye ukurasa wake wenyewe katika tovuti mpya. Ukizielekeza zote kwenye ukurasa wa mwanzo, aliyefuata kiungo cha soksi ataishia mlangoni bila soksi, na Google inaweza kuuhesabu ukurasa ule kuwa haupo. Google yenyewe inashauri uelekezaji huo udumu angalau mwaka mmoja. Wewe uache siku zote, gharama yake ni ndogo.

Barua pepe kwa wasajiliwa itoke kwanza kwenye anwani ya ZAMANI, ambayo wanaijua. Weka SPF, DKIM na DMARC, zile rekodi za kuthibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli, kwenye domeni mpya kabla ya kutuma chochote, kisha anza na wale wanaofungua barua zako kila mara, uwaongeze wengine wiki baada ya wiki. Domeni ngeni ikituma maelfu ya barua siku ya kwanza huonekana kama ya matapeli. Kwa miezi mitatu jina la mtumaji liwe jipya, likifuatiwa na "zamani" na jina la awali.

Tangazo lenyewe liwe fupi: jina jipya, tarehe, kwamba vyote walivyonunua vinabaki vyao, na mahali pa kuuliza. Usiwawekee fumbo la wiki nzima. Mtu mwenye nusu ya sweta kwenye sindano akisoma "mabadiliko makubwa yanakuja" hufikiri unafunga.

Jambo dogo linaloleta hasara: jina linaloonekana kwenye taarifa ya kadi ya mnunuzi. Kampuni ya malipo ya Stripe, kwa mfano, inaruhusu herufi 5 hadi 22. Lisipolingana na jina la dukani, mtu haitambui malipo, anaipigia benki yake simu, na wewe unarudisha pesa pamoja na ada. Libadilishe siku ileile unayobadilisha duka, si kabla wala baada.

Lebo na kadi zilizokwisha kuchapwa zimalizie kwenye vifurushi, ukibandika kibandiko kidogo chenye jina jipya. Hazistahili kutupwa.

Kuhusu nembo: ya pili. Ya kwanza ina uzi mwembamba unaozunguka herufi, na ikipunguzwa hadi pikseli 32 kwa 32 uzi huo unapotea. Ya tatu inategemea rangi mbili, na kwenye karatasi nyeusi na nyeupe inakuwa doa. Ya pili inasomeka hata kwa wino mmoja. Mwombe mchoraji akupe faili la SVG, lile la mchoro usiopoteza ubora ukipanuliwa au kupunguzwa, na akuandikie kwamba leseni ya fonti aliyotumia inaruhusu matumizi ya biashara.

Nitumie orodha ya mafaili yako yote, kila moja na tarehe yake ya mwisho kusahihishwa, pamoja na lile la kofia ya bure katika matoleo yote mawili. Nitayalinganisha mstari kwa mstari na kukurudishia kabla hujagusa la pili.

Wako akupendaye,
Mfumaji mwenzako