Kabla Mama hajachukua mkopo wa kompyuta mpya

Leicester, Uingereza

Mdogo wangu Hamisi,

Assalaam alaykum. Mfikishie Mama shikamoo yangu, na umwombe asubiri kidogo kuchukua huo mkopo wa kikoba. Ujumbe wako nimeusoma: mashine ya steshenari inaganda, vijana wanaojaza fomu za HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, wanachoka kungoja na kuhamia duka la pili, na fundi kasema Dell yetu imekwisha, inunuliwe nyingine. Mimi sikubaliani naye. OptiPlex 7010 ni mashine ya mwaka 2012, kweli, lakini prosesa yake ya i5, yaani ubongo wake, inazimudu vizuri kazi mnazoipa. Kinachoibana ni RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo kazi zilizofunguliwa hukaa. Ina GB 4 tu.

Hakikisha mwenyewe. Fungua kila kitu kama siku ya wateja wengi, Word, Chrome yenye kurasa kadhaa, na skana. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Performance, kisha Memory. Ukikuta imekaribia kujaa na taa ya diski haitulii, ugonjwa umeuona. RAM ikijaa, Windows huhamishia kwenye diski vitu ambavyo havitumiki kwa wakati huo, kisha huvirudisha vikihitajika. Diski ya kuzunguka ni nzito mno ukiilinganisha na RAM, na muda wote huo prosesa inakaa bure ikiisubiri.

Kuna mwenzetu wa hapa anakuja Tanga mwisho wa mwezi. Nimempa RAM mbili za GB 4 kila moja, za aina ya DDR3 ya 1600 inayoingia kwenye mashine yetu, zilizotolewa kwenye kompyuta za ofisi. Nimechagua mbili za aina moja makusudi, kwa sababu prosesa hiyo husoma RAM kwa njia mbili kwa mpigo, na pacha zinaitosheleza vizuri zaidi.

Kabla hazijafika, angalia kama Windows yenu ni ya biti 64. Ikiwa ya biti 32, haitavuka GB 4 hata ukiijaza RAM sloti zote, yaani nafasi za kuchomekea, na itabidi kwanza Windows ipigwe upya. Hifadhi kazi za wateja kwenye flashi kabla ya hilo.

Siku ya kuweka, zima mashine, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki ndani uishe. Mfuniko wa kasha la kompyuta hauhitaji bisibisi, una kitasa cha kuvuta. Shika kwanza chuma cha kasha ili umeme tuli wa mwilini usiunguze kitu. Futa vumbi kwa brashi laini, maana hapo Ngamiani mlango uko wazi kutwa. Toa zile za zamani za GB 2, weka pacha mpya kwenye sloti zilizoandikwa DIMM1 na DIMM2, na za zamani zihamie DIMM3 na DIMM4. Jumla utapata GB 12. Shika RAM kwa pembeni, usiguse meno ya dhahabu. Ule mkato wa chini hauko katikati, kwa hiyo inakaa upande mmoja tu. Ikikataa, igeuze, usiilazimishe. Ikishakaa sawa, kandamiza kwa nguvu mpaka vibano vya pande zote mbili vijifunge vyenyewe. Mashine ikilia milio bila kuonyesha picha, mara nyingi RAM haijazama vizuri, ichomoe uirudishe.

Ukishawishiwa kununua nyingine huko mjini, kataa DDR4, ile aina mpya zaidi ya DDR3, maana mkato wake uko mahali pengine na haitaingia. Kataa pia zile za seva hata ziwe rahisi kiasi gani, mazabodi yetu, ule ubao mkuu wa ndani, haizipokei.

Na Mama akiwa na akiba ndogo, ya mkopo tuiache, anunue SSD, diski ya kasi isiyozunguka. Hiyo ndiyo itakayofuata kuleta nafuu kubwa. Windows 10 ilikoma kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa yetu haimo kwenye orodha ya Windows 11. Hilo RAM haiwezi kulitibu, tutalizungumza kwa simu nikishajua mnatumia programu zipi.

Ukimaliza nipigie picha ile sehemu ya Memory, kabla na baada, umwonyeshe na Mama. Wasalimie wote nyumbani.

Kaka yako,
Idrisa