Barua kwa wanangu mnaotaka udaktari na GPA imewaangusha

Wanangu mnaosoma vyuo huku Marekani, marahaba kwa shikamoo zenu zote, sasa tuongee maana naona mnatupa hela. Mtu ana GPA, yani wastani wa gredi zake zote, ya 3.0 kati ya 4, wenzake wanamwambia usijali, we jitolee hospitali, jiunge na vyama viwili vitatu, andika insha ya kuliza watu utapita. Hapana jamani. Gredi mbaya inafunikwa na gredi nzuri, hayo mengine yanafuata baadaye.

Pigeni hesabu. Una krediti 120 kwa 3.0, unaongeza 30 za A tupu, yani mwaka mzima hujapumua, unafika 3.2 basi. Na wanaoingia vyuo vya MD, yani vya udaktari unavyoingia baada ya digrii ya kwanza, wastani wao unapita 3.7, kwa hiyo namba yenyewe hutaikamata, uisahau. Ila anayesoma faili lako haangalii namba moja tu, anaona mwaka kwa mwaka, na AMCAS, mfumo unaopokea maombi ya vyuo vya MD, wanatenga bailojia, kemia, fizikia na hesabu wanazipigia GPA yake peke yake. Mwaka wa kwanza C, wa pili B, halafu krediti 30 za mwisho zote A za biokemia na fiziolojia, huyo anaonekana kaamka. Aliyeanza na A akamalizia na C ana kazi kubwa zaidi hata kama wastani wao ni sawasawa.

Na kurudia somo hakufuti kitu. AMCAS wanahesabu zote, ile C na hiyo A mpya, na hata upande wa DO, ile njia nyingine ya udaktari kupitia vyuo vya osteopathi, ambao zamani gredi mpya ilikuwa inafuta ya zamani, waliacha 2017. Kwa hiyo C ya kemia ogania iache hapo ilipo, panda juu chukua biokemia uipige A. Ukiwa na D ndo urudie, hiyo vyuo vingi hawaipokei kabisa.

Lakini kabla hujalipia somo lolote jiulize hizo C zilitoka wapi. Wengi wenu nawajua, usiku uko shifti ya CNA, yani msaidizi wa muuguzi, nyumba ya wazee, asubuhi uko darasani macho mekundu, katikati ya maabara mama anapiga simu njoo unitafsirie kwa daktari, mwisho wa mwezi kuna hela ya kutuma nyumbani. Ukirundika masomo magumu juu ya ratiba hiyohiyo utapata C zingine, tena za kulipia. Punguza shifti kwanza hata kama utachelewa kumaliza. Na wazazi mnaosoma hapa mnisikie, mtoto hawezi kusomea udaktari na kuwa ATM ya ukoo kwa wakati mmoja.

Hizo saa za CNA zenyewe ni mali, zijazeni vizuri kwenye fomu, umemgeuza mgonjwa, umemwogesha, umekaa naye akiwa anakata roho, wapo waombaji wa GPA 3.9 ambao hawajawahi kumshika mgonjwa. Kwenye insha sababu ya gredi iseme kwa sentensi mbili, halafu eleza ulibadilisha nini. Ukilalamika ukurasa mzima wanachoka.

MCAT, ule mtihani wa kuingilia udaktari, alama zake zinaanzia 472 mpaka 528 na wanaoingia MD wanazungukia 511, 512. We mwenye GPA ndogo unaihitaji kuliko mwingine, ila usiende kujaribu bahati, matokeo ya kila mara yanaonekana na maisha yote unaruhusiwa mara 7 tu.

Halafu acheni kudharau DO, wanaandika dawa, wanapasua, ni madaktari kamili, na wastani wa wanaopokelewa uko chini kidogo. Vyuo vya visiwa vya Karibi mlango uko wazi sana lakini kupata nafasi ya mafunzo ya hospitali baadaye ndo kivumbi, msikimbilie huko kabla hamjajaribu MD na DO. Na asiye na grinikadi aulize chuo kwanza kabla ya kulipa ada ya maombi, vingi havipokei.

Fomu zinafunguliwa Mei na vyuo vingi vinajaza nafasi kadri maombi yanavyoingia. Ikifika Juni hizo A mpya bado hazijatoka, MCAT hujafanya, na profesa wa kukuandikia barua bado unamtafuta, mwaka huo usiaplai, subiri ujao.