Barua ya wazi kwa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo (Taaluma): tupeni darasa moja tu

YAH: AHADI YA KUTUANDAA WANAFUNZI WA UZAMIVU WA ELIMU MAALUMU

Profesa, shikamoo.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Barua mbili za kwanza nilizipitisha kwa mkuu wa idara, kama utaratibu unavyotaka, na nakala zake zenye mhuri wa "IMEPOKELEWA" ninazo nyumbani. Hii ya tatu naiandika hadharani. Mihuri imenitosha.

Jumatano iliyopita nilijibanza kwenye viti vya nyuma ndani ya ukumbi wa mihadhara nikimsubiri msimamizi wangu anisainie fomu ya maendeleo. Kilikuwa kipindi cha utangulizi wa elimu maalumu, mwaka wa kwanza. Mhadhiri ameazimwa kutoka idara nyingine. Simlaumu, kapewa kazi kaifanya. Akaweka slaidi ukutani: "Kama mnavyoona hapa, hili ndilo jicho, na tatizo la mtu wa uoni hafifu linaweza kuanzia hapa, au hapa." Safu ya mbele wamekaa vijana wawili wasioona. "Mchoro unajieleza wenyewe," akamalizia. Kijana mmoja alibaki ameinua sindano yake juu ya kibao cha nukta nundu, yale maandishi ya kupapasa ya wasioona, anasubiri mchoro ujieleze.

Profesa, mimi nimefundisha nukta nundu miaka kumi na mmoja katika kitengo cha shule ya msingi. Jicho lile ningelitengeneza kwa karatasi ya manila, gundi na kamba ya katani, wale vijana wakalipapasa na kulielewa kabla kipindi hakijafika nusu. Nilikuwa nimekaa mita chache nyuma yao, mwanafunzi wako wa mwaka wa nne, sina kazi zaidi ya kusubiri saini.

Nikukumbushe, maana najua una mengi. Oktoba ile ya kutupokea ulisema hatukuja kuongeza "Dokta" mbele ya majina, tumekuja kurithi viti vyenu. Tukapiga makofi. Ukaahidi kwamba kila mmoja wetu atashika somo moja chini ya mhadhiri mzoefu, atafundishwa kuandika makala za majarida, na ataongozana nanyi kukagua mafunzo ya kufundisha kwa vitendo. Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari, na tarehe. Tangu siku hiyo nimekabidhiwa ufunguo wa chumba cha semina mara mbili. Mara zote mbili ni kuwafungulia wageni.

Sitaki kukuchosha na ya kwangu, lakini yapo. Ada nimekopa SACCOS, na baada ya makato mshahara unaobaki naona hata aibu kuutaja. Mwanangu wa pili nimemhamisha shule. Sura ya pili ya tasnifu ilikaa kwa msimamizi miezi saba, ikarudi imesahihishwa koma. Mama yangu kijijini kila Krismasi ananiuliza, "Hiyo shule haiishi?"

Mwezi Machi niliitwa kwenye usaili wa uhadhiri chuo kingine. Alama hazikuwa tatizo. Ile 3.8 ya shahada ya kwanza na 4.0 ya uzamili zinazotajwa kwenye matangazo ya kazi ninazo, na nilizipata nikiwa mwalimu niliyeanzia cheti cha Daraja la IIIA. Maswali ndiyo yaliyonimaliza. Umechapisha wapi? Umewahi kutunga mtihani wa chuo na kuutetea kwenye kikao? Umewahi kuandika andiko la kuomba fedha za utafiti? Hapana, hapana, hapana. Mmoja akauliza kwa upole kabisa, "Sasa huko miaka minne mnafanya nini?" Nikaona haya kwa niaba yako.

Usiku uleule jarida moja la mtandaoni likaniandikia: nilipe dola 150, makala yangu itatoka ndani ya siku tatu. Nilikaribia kulipa. Wenzangu wawili wamelipa. Hakuna aliyetukalisha chini akatuonyesha jarida la kweli na la kitapeli yanatofautianaje, kwa hiyo tunajifunza kwa kuibiwa.

Kwa nini imekuwa hivi sijui. Wapo wanaosema bajeti. Wapo wanaonong'ona kwamba vipindi vya ziada vina posho, na posho haigawiwi kwa wanafunzi. Mimi nashuku kitu kingine: elimu maalumu bado inahesabiwa kazi ya huruma, kwa hiyo yeyote mwenye moyo mzuri anaweza kuifundisha. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma shuleni kama wenzake. Mwalimu wa darasa la kawaida atampokea mtoto kiziwi, au mwenye usonji, na atatakiwa ajue la kufanya. Huyo mwalimu anafundishwa hapa kwetu. Na nani? Na mwenye slaidi.

Nilikuwa na orodha ndefu ya maombi: warsha za uandishi, nauli ya kongamano, msimamizi anayepokea simu. Nimeifuta yote. Naomba darasa moja, Profesa. Liwe la Jumatatu saa moja asubuhi ambalo hakuna anayelitaka. Liwe bila posho. Mhadhiri mzoefu akae nyuma pale nilipokaa mimi, kipindi kikiisha aniambie wazi nilipoharibu. Somo la jicho litarudiwa kabla ya mitihani, nimeona kwenye ratiba. Nipeni hilo. Manila ninayo, na kamba ya katani nimeshanunua.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwanafunzi wa uzamivu, Elimu Maalumu, mwaka wa nne