Mzee anapotoka wodini, nani anakabidhiwa?

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie kipindi ambacho hospitali zetu hazikihesabu kuwa sehemu ya matibabu, nacho ni zile wiki chache za kwanza baada ya mgonjwa mzee kuruhusiwa kwenda nyumbani. Nimemuuguza baba yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 81, na niliyoyaona yamenifanya niamini kwamba wiki hizo zinaweza kuwa na hatari kubwa kuliko siku alizolazwa.

Baba alilazwa siku tisa katika hospitali moja kubwa hapa Nakuru kwa sababu moyo wake ulikuwa umeshindwa kusukuma damu ipasavyo, akavimba miguu na kukosa pumzi kila alipolala chali. Sina lawama kwa matibabu aliyopewa wodini. Wauguzi walikuwa wachache na wagonjwa wengi, lakini walimhudumia kwa heshima, maji yakapungua mwilini, na Ijumaa alasiri daktari akasema anaweza kwenda. Mimi ndiye niliyepanga foleni kwenye dirisha la malipo, mimi ndiye niliyetia sahihi, na mimi ndiye niliyepokea mfuko wa dawa za aina nne pamoja na karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza na vifupisho vya kidaktari. Maelezo niliyopewa hayakuzidi dakika tano. Jioni hiyo nilimfikisha nyumbani kwake Elburgon, nikamwachia wifi yangu anayeishi naye, nami nikarudi Nakuru ili nifungue duka Jumamosi asubuhi.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na nakiri kwamba sehemu yake ni yangu. Aliyelipa bili ndiye aliyeelezwa, na aliyebaki na mgonjwa hakuambiwa lolote. Wifi yangu hakujua kwamba katika kopo ambalo baba huliweka chini ya kitanda mlikuwa na vidonge vya shinikizo la damu alivyokuwa akichukua kila mwezi katika kituo cha afya cha karibu, na kwamba mojawapo ya dawa mpya ilikuwa dawa ileile yenye jina jingine la kiwanda, rangi nyingine na pakiti nyingine. Baba ni mtu anayemtii daktari, kwa hivyo alimeza zote. Usiku wa sita aliamka kwenda msalani nje, kizunguzungu kikamshika mlangoni, akaanguka na kuvunjika nyonga. Kulipokucha tulikuwa njiani kurudi Nakuru, safari hii kuelekea wodi ya mifupa.

Kuzuia jambo hilo hakukuhitaji daktari bingwa. Kulihitaji mtu mmoja mwenye ujuzi kidogo aketi na wifi yangu, wamwage vidonge vyote mezani, vya zamani na vipya, kisha aseme hiki kiendelee na hiki kiachwe. Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha mwaka 2017 kampeni yake ya kupunguza madhara yatokanayo na dawa, lilitaja wakati wa mgonjwa kuhama kutoka huduma moja hadi nyingine kuwa mojawapo ya mambo matatu yanayostahili kushughulikiwa kwanza. Nilipolisoma hilo baadaye, nililia.

Katika wodi kuna desturi ambayo niliishuhudia kila asubuhi nikaistahi sana. Zamu ya usiku haiondoki kabla ya kupita kitanda kwa kitanda pamoja na zamu inayoingia, ikieleza nani alilala vibaya, nani hakupata mkojo na nani amebadilishiwa dawa. Wauguzi huyaita makabidhiano. Mgonjwa hatoki mikononi mwa mmoja mpaka mwingine awe amempokea. Desturi hiyo njema hukomea langoni. Siku baba alipotoka, hapakuwa na mtu yeyote wa afya kule Elburgon aliyejua kwamba ametoka, awe muuguzi wa kituo cha afya alikokuwa akichukua dawa au mhudumu wa afya ya jamii anayezungukia nyumba za kijiji kile. Tarehe ya kliniki yake ilikuwa baada ya wiki sita.

Ni vyema jamaa waelewe kwamba mzee hatoki hospitalini akiwa na mwili ule aliokwenda nao, hata kama ugonjwa umetibika. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007, wazee wenye afya njema waliojitolea kulala kitandani kwa siku 10 walipoteza karibu kilo moja ya misuli ya miguu. Hao walikuwa wazima na walikula vizuri. Baba alikuwa mgonjwa, usingizi wake ulikatizwa kila usiku, na chakula kilimshinda. Alipovuka kizingiti cha nyumba yake, miguu iliyombeba haikuwa ile ya wiki mbili nyuma, lakini hakuna aliyetuambia kwamba asitoke nje usiku peke yake, au kwamba tumnunulie ndoo ya kujisaidia na tuiweke kando ya kitanda.

Jambo jingine ambalo familia nyingi hulificha kwa aibu ni kuchanganyikiwa kwa ghafla. Usiku wa tatu baba alimwita wifi yangu kwa jina la shangazi yetu aliyefariki zamani, akataka afunguliwe zizi awatoe ng'ombe ambao hatunao tena. Asubuhi alikuwa mzima, usiku ikarudi. Jirani mmoja akasema tutafute mtu wa kumwombea, mwingine akasema huo ni uzee tu na tuuzoee. Kumbe madaktari wanaijua hali hiyo vyema. Huwapata wazee wengi wanaolazwa, mara nyingi huletwa na maambukizi, upungufu wa maji mwilini au dawa, na ikichunguzwa mapema huweza kuondoka. Laiti tungekuwa na nambari moja ya simu ya kupiga siku ile, huenda kopo la vidonge lingegunduliwa kabla ya usiku wa sita.

Tatizo hili haliko Kenya peke yake, na waliolifanyia hesabu wanatuachia funzo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu wagonjwa walio chini ya bima ya serikali ya Marekani, ambayo huwahudumia zaidi wazee, ulionyesha kwamba karibu mmoja kati ya kila watano walioruhusiwa alilazwa tena ndani ya siku 30, na kwamba takriban nusu ya waliorudi baada ya matibabu yasiyo ya upasuaji hawakuwa na rekodi ya kuonwa na daktari katika kliniki tangu watoke. Miaka kumi kabla ya hapo, muuguzi na mtafiti Mary Naylor na wenzake walikuwa wamejaribu njia nyepesi kule Philadelphia. Muuguzi mwenye uzoefu alikutana na mzee akiwa bado amelazwa, akamtembelea nyumbani ndani ya siku mbili za kwanza baada ya kutoka, kisha akaendelea kumfuatilia kwa wiki nne. Baada ya wiki 24, waliorudi kulazwa katika kundi hilo walikuwa asilimia 20.3, ilhali katika kundi lililopata huduma ya kawaida walikuwa asilimia 37.1, na gharama za matibabu zilipungua kwa karibu nusu. Kilichohitajika ni muuguzi, simu na nauli.

Wapo watakaosema kwamba Marekani ina fedha na sisi hatuna. Nawaomba watazame jinsi tunavyomhudumia mama aliyejifungua. Mama hutoka hospitalini na kile kijitabu cha mama na mtoto, ambacho muuguzi yeyote wa Kenya, awe Nakuru, Kisumu au Lodwar, akikifungua anajua alijifungua lini, alipewa nini na anatakiwa kurudi lini. Ratiba yake inafahamika: aonwe ndani ya saa 48, kisha wiki ya kwanza hadi ya pili, kisha wiki ya nne hadi ya sita. Tumelifanya hilo miaka mingi kwa uchumi huuhuu. Mzee wa miaka 81 mwenye moyo dhaifu hutoka na karatasi moja inayochanika kwenye mkunjo. Naomba naye apewe kijitabu chake, kwa Kiswahili sanifu na herufi kubwa, kikiwa na orodha ya dawa zote anazotakiwa kumeza na zile alizoachishwa, dalili za hatari, na nambari ya simu ya wodi.

Watu wa kumtembelea tunao tayari. Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii wapatao laki moja kote nchini, wakapewa mikoba yenye mashine ya kupima shinikizo la damu na kipimo cha sukari, na malipo yao ya kila mwezi hugawanywa kati ya serikali kuu na kaunti. Kila mmoja ana takriban nyumba mia moja. Simwombi mhudumu huyu abadilishe dawa, kwa kuwa hilo si kazi yake. Ninachoomba ni kwamba apate ujumbe siku mzee anaporuhusiwa, afike ndani ya siku mbili, apime shinikizo akiwa ameketi na tena akiwa amesimama, atazame miguu kama imevimba, aulize kuhusu uzito, kwa sababu mgonjwa wa moyo akiongezeka kilo mbili kwa siku chache huenda maji yanarudi, na amwombe mwenye nyumba alete kila kopo la dawa lililomo ndani. Akiona jambo lisilomridhisha, ampigie muuguzi wa kituo cha afya.

Kikwazo nikionacho kikubwa kuliko fedha ni mipaka ya kaunti. Wodi za hapa Nakuru hupokea wazee kutoka Baringo, Nyandarua, Kericho na Bomet, kama vile hospitali ya rufaa ya Kisumu inavyowapokea wale wa Siaya, Vihiga na Homa Bay. Tangu huduma za afya zigatuliwe mwaka 2013, kila kaunti ina wahudumu wake na bajeti yake, na mzee wa Londiani, kule Kericho, akitoka Nakuru anakuwa si wa huku wala si wa kule. Magavana wa kanda hizi hukutana kuhusu barabara na biashara. Wakikutana tena, naomba wakubaliane kwamba hospitali inayomruhusu mzee ndiyo yenye wajibu wa kupiga simu katika kaunti anakokwenda na kuandika jina la aliyempokea.

Sidai wazee wabaki wodini muda mrefu zaidi. Nimeona jinsi vitanda visivyotosha, na kitanda chenyewe ni hatari kwa mzee kama nilivyoeleza. Nadai nusu saa kabla ya kutoka, akiwepo yule atakayempa dawa, hata kama ni kwa simu iliyowekwa kwenye kipaza sauti. Katiba yetu, katika kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kupata utunzaji na msaada ufaao kutoka kwa familia zao na kutoka kwa serikali. Kwa upande wa familia, wifi yangu ameacha kibarua cha shambani ili amgeuze baba kitandani, amwogeshe na kumshika anapojaribu fremu ya kutembelea, na wala hajalalamika hata siku moja. Upande wa pili bado haujabisha hodi.

Kila mwaka, kabla ya mwisho wa Februari, kaunti huandaa mkakati wa fedha na kuwaalika wananchi kutoa maoni. Katika kikao kijacho cha Nakuru nitakuwepo na karatasi ile ya baba, niombe kwamba kijitabu cha mzee na simu ya kumkabidhi mgonjwa vitengewe fedha. Wasomaji wanaouguza wazazi wao majumbani, huku na katika kaunti za magharibi, nawasihi wafike katika vikao vya kwao.

Wako mwaminifu,
Binti wa mgonjwa,
Nakuru